Kikundi cha Majirani, Marsabit: Bei Mpya ya Umeme, Aprili 2023

Mama Maziwa: Hamjambo majirani. Leo nimenunua tokeni za shilingi mia tano, na yuniti zilizoingia ni chache kuliko za mwezi uliopita, ingawa nyumbani sina jipya ila taa zile zile na friji ya kuhifadhia maziwa ya ngamia. Je, tunatozwa zaidi kwa sababu umeme wetu ni wa dizeli inayoletwa na malori?

Mwalimu: Hatujambo, Mama. Sivyo. Bei ya yuniti ni moja nchi nzima, na gharama ya mafuta ya mitambo kama wetu hugawanywa kwa wateja wote, wa Nairobi na wa huku. Kilichokuumiza ni kwamba tangu tarehe 1 Aprili nafuu ya bei kwa wenye matumizi madogo, iliyokuwa ikifika yuniti 100 kwa mwezi, inaishia 30. Hiyo ni yuniti moja kwa siku, na friji peke yake yaweza kuimaliza.

Fundi: Tena kuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, ambayo huhesabiwa hata juu ya gharama ya mafuta, kwa hiyo mafuta yakipanda kodi nayo hupanda. Wanaoumia zaidi, kwa nionavyo kazini, ni wapangaji wa ploti zenye mita moja: vyumba sita, kila kimoja kikiwasha balbu na kuchaji simu tu, huhesabiwa kuwa mteja mmoja mkubwa.

Mzee wa Mtaa: Mimi linaloniuma ni upepo. Mitambo 365 ya upepo imesimama Loiyangalani, katika kaunti hii hii, na umeme wake husafirishwa kwa laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha Suswa, kusini, nasi tunaunguza dizeli.

Mwalimu: Uchungu huo ni wa haki, Mzee wetu. Hata hivyo, hata laini kama hiyo ikitufikia, bei ya yuniti itabaki ile ile ya nchi nzima. Tudai laini, lakini kwanza tudai kiwango cha 100 kirudishwe na kila chumba kipate mita yake.

Mwenyekiti: Nakubaliana nawe. Bwana Fundi, tafadhali tuandikie orodha ya ploti zenye mita moja. Mama, usifute ujumbe wa tokeni za Machi na Aprili, kwani tutauambatisha na barua yetu kwa mamlaka ya kudhibiti nishati. Wenye ploti nitawaendea mwenyewe.