Nyenje anayekata miche usiku: huyu ni chenene kweli?

MkulimaUrambo:
Wakuu habari. Shamba langu la tumbaku ni udongo wa kichanga. Asubuhi nakuta miche imekatwa chini kabisa, na pembeni kuna kifusi kidogo cha mchanga mbichi. Giza likiingia inaanza kelele moja kali, mfululizo, mpaka masikio yanauma. Jirani anasema ni chenene. Ni kweli?

MzeeWaUdongo:
Hapana mkuu. Chenene ni wa mabondeni: majaruba ya mpunga, kingo za mito, popote udongo ulipolowa. Kwenye mchanga wako huyo ni nyenje mkubwa, *Brachytrupes membranaceus*. Ni wa kahawia, kichwa kinene, urefu sentimita 5 hivi. Mkamate umwangalie miguu ya mbele. Ya chenene imepanuka kama koleo, na ina meno. Ya huyu haikupanuka hivyo, maana kuchimba anategemea sana taya. Jike lake halina ule mrija mrefu wa kutagia uonao kwa nyenje wengi, kwani hutaga humo humo shimoni.

Na shimo lenyewe ni kazi ya kuheshimu! Linashuka hata kupita nusu mita. Mchana mlango umezibwa kwa mchanga. Usiku anatoka, anakata mche, anauburuta ndani akaule huko. Kelele ni ya dume: anakaa mlangoni, anasugua mbawa za mbele, anaita jike.

BintiShamba:
Shikamoo mzee. Sasa tumwage dawa shamba zima?

MzeeWaUdongo:
Marahaba binti. Usimwage, utaua na wadudu wasio na kosa, na yeye yuko chini kabisa. Toka jioni na tochi, ufuate sauti. Ukikaribia atanyamaza, maana anahisi mtikisiko wa ardhi; simama tuli, ataanza tena. Chomeka kijiti penye mlango. Asubuhi ingiza unyasi mrefu tunduni ndipo uchimbe ukiufuata, la sivyo mchanga unafukia njia na umempoteza.

Ila majike na tunutu, yaani watoto wao, hawaimbi. Hao watafute kwa vifusi vibichi alfajiri, kabla jua halijakausha mchanga.

MkulimaUrambo:
Nimekuelewa mzee. Na wale tuliowachimba, wanalika?

MzeeWaUdongo:
Wanalika sana, Zambia na Zimbabwe wanawachimba kwa ajili hiyo. Toa utumbo kwanza, kisha kaanga. Lakini shamba likishapigwa dawa, usile hata mmoja.