Vanishi ya zamani kwenye sanduku la msaji haitoki kabisa

MtotoWaMkunazini: Asalaam aleykum wenzangu, nna sanduku la bibi la msaji, lile la njumu za shaba, watu wamelipaka vanishi juu ya vanishi mpaka limekuwa jeusi. Napiga msasa unajaa tope tu. Naitoaje bila kuharibu njumu?

FundiWete: Waaleykum salaam. Weka msasa pembeni kwanza sheikh. Chovya pamba kwenye spiriti usugue kona ya nyuma kusikoonekana, ikilainika ikanata basi hiyo shelaki, aina ya vanishi ya kizamani, itatoka yote kwa spiriti. Isipolainika ndo utafute dawa ya kutolea rangi ile nzito kama uji, paka nene usiirudierudie na brashi, funika na nailoni maana kwa joto letu hili inakauka kabla haijafanya kazi, ikishavimba kwangua na kikwanguo butu kufata nyuzi za mti, kwenye njumu mswaki mkuukuu unatosha. Fanyia uani, harufu yake si ya kuvuta, na glavu uvae.

bintchake: Mie naambiwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ndo kiboko

FundiWete: Kiboko cha vanishi na cha msaji vilevile 😅 mti unageuka mweusi, na ngozi inachoma. Wacha kabisa

babu_mtoni: Ukimaliza ukapaka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), vile vitambaa usivikunje ukavitupa stoo, vinapata moto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandaze nje vikauke au viloweke maji.

MtotoWaMkunazini: Spiriti imekubali! Pamba imetoka rangi ya chai ya rangi. Shukran sana