Mwalimu au marafiki: nani alikufanya uanze kutunga mashairi? Tupeane uzoefu

Nyamizi wa Tabora
Ndugu zangu, juzi katika mahafali ya darasa la saba niliwasikia watoto wakighani ngonjera, mmoja akitetea jembe na mwenzake akitetea duka, nikamkumbuka mwalimu wangu wa Kiswahili. Alikuwa akitupa mshororo mmoja tu, na kila dawati lilipaswa kurudisha ubeti mzima kabla ya kengele, kisha beti zote akaziunganisha ubaoni zikawa shairi la darasa. Mathias Mnyampala, ambaye baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 aliitumia ngonjera kuwaelimisha watu, angefurahi kuliona darasa lile. Sisi tulioketi dawati moja tuliendelea kutungiana hata baada ya shule, na mpaka leo sijui kama nimshukuru zaidi mwalimu au wenzangu wale. Nyinyi wenzangu ilikuwaje?

BintiPangani
Kwangu walikuwa wote wawili, da Nyamizi, nami nitajibu kwa ubeti:

Rafiki alinijuza, kosa la mizani yangu,
Mwalimu akanikuza, kwa subira na uchungu,
Wote walinihimiza, niseme ya moyo wangu,
Shukurani naeleza, mbele yenu walimwengu.

Kalamu Kavu
Ubeti mzuri, dada. Mimi sina wa kumshukuru darasani. Nilipeleka shairi lisilo na vina, nikarudishiwa likiwa limekatwa kwa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni pameandikwa kwamba hilo ni insha iliyovunjika. Ilikuwa miaka mingi baada ya mwandishi Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani yake ya mashairi huru mwaka 1974, na vyuo vikuu vilikuwa vimekwisha kulijadili jambo hilo kwa kina. Walioniokoa ni rafiki zangu wawili, mmoja mchoraji na mwingine mpiga gitaa, ambao hawakujua lolote kuhusu mizani, lakini waliniuliza maswali yanayofaa: huyu anayesema humu ni nani, anamwambia nani, na kwa nini anasema leo? Maswali hayo bado najiuliza kila ninapoandika.

Mzee wa Ujiji
Kijana wangu Kalamu Kavu, pole kwa kalamu hiyo nyekundu, kwa sababu mwalimu anayekata bila kueleza hajafundisha. Hata hivyo usimtupe mwalimu pamoja na arudhi, yaani kanuni za kutunga mashairi. Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na kitabu kilichonilea ni kile cha sheria za kutunga alichokitoa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtoto wa hapa kwetu, mwaka 1954. Sheria zile zilimwezesha mtoto wa mkulima kujua kwa nini mshororo wake unachechemea na kuurekebisha mwenyewe, bila kungoja kuambiwa na mkubwa kwamba ana kipaji au hana.

Kalamu Kavu
Shikamoo, Mzee. Sipingi sheria kufundishwa, ila napinga kuambiwa kwamba nje ya sheria hakuna ushairi.

Mwanagenzi
Naomba niseme kwa urefu, kwa kuwa neno «daftari» na neno «mwalimu» kwangu haviachani na usiku mmoja.

Tulikuwa wanne, shule ya bweni mkoani Tanga, na tulikuwa na daftari moja kubwa la pamoja. Sheria yetu ilikuwa kwamba mtu akimaliza shairi hasomi yeye, bali mwenzake analighani mbele ya wengine, na pale ambapo msomaji anajikwaa ndipo penye kasoro. Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyetufundisha hivyo, naye alikuwa akija Jumamosi jioni, anaketi nyuma, na hasemi neno mpaka tumalize kubishana.

Bweni letu likaungua usiku. Tulikwisha kutoka wote, tumehesabiwa uwanjani, ndipo mwenzetu mmoja alipochomoka mstarini na kurudi ndani, kwa sababu daftari lilikuwa kwenye sanduku lake. Tulimwita, hakugeuka. Mlinzi alimtoa akimvuta kwa shati, mikono yake imeungua kuanzia vidoleni hadi karibu na viwiko, na daftari hakulipata. Kwa miezi mingi hakuweza kushika kalamu.

Aliporudi kutoka hospitali, mwalimu alitukusanya bwaloni akatutaka tulitunge upya daftari lote kwa kumbukumbu, kila mtu akianza na mashairi ya wenzake, yaani yale aliyowahi kuyaghani. Nilidhani haiwezekani. Lakini mtu alikumbuka kibwagizo, na kibwagizo kikatupa kina cha mwisho, mwingine alikumbuka ukwapi, yaani nusu ya kwanza, wa mshororo wa pili, tukajua kwamba utao wake, nusu ya pili, una mizani nane na unaishia na «-ri», tukaanza kuyajaribu maneno moja baada ya jingine mpaka mwenye shairi aseme, «Hilo hilo!» Jioni baada ya jioni, huku mimi nikiandika kwa niaba ya yule aliyeungua, tarbia zetu, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, karibu zote zilirudi.

Ambayo hayakurudi ni mashairi yake huru. Alikuwa nayo machache, na bora kuliko yote lilihusu mama yake aliyefanya kazi katika shamba la mkonge. Sote tulikumbuka habari yake na jinsi lilivyotunyamazisha tulipolisikia, lakini maneno hatukuyapata, wala yeye mwenyewe. Baadaye alitunga jingine kuhusu mama huyo huyo, zuri sana, na kila tulipolisifu alisema kwamba silo.

BintiPangani
Pole sana, Mwanagenzi. Nimesoma mara mbili. Je, mikono ilipona?

Mzee wa Ujiji
Habari hii imenigusa, na nadhani imejibu hoja yetu kuliko mimi nilivyoweza. Vina na mizani ndivyo vilivyolirudisha daftari.

Kalamu Kavu
Mzee, kwa heshima zote, mtu aliungua mikono. Tusimfanye kuwa hoja. Na kama ni hoja, mbona shairi ambalo Mwanagenzi analililia hadi leo ni lile huru?

Nyamizi wa Tabora
Ndugu zangu, tusigombane juu ya majeraha ya mwenzetu. Nilichokiona mimi ni kwamba mashairi yalirudi kwa sababu kila mmoja alikuwa amebeba ya mwenzake mdomoni, na mwalimu aliliona hilo mapema.

Shaha wa Kisauni
Sisi wa Mombasa twaijua kazi hiyo. Tungo nyingi za Muyaka bin Haji, malenga wetu aliyefariki mnamo 1840, zilitufikia kwa kuwa watu walizihifadhi vichwani, na miongoni mwao Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyemsaidia mmishonari Mwingereza William Taylor kuzikusanya na kuziandika kabla karne ile haijaisha. Mwalimu Sikujua mwenyewe alikuwa mtungaji, na bado akaona wajibu wake ni kuhifadhi ya mwingine. Vijana wanaoniuliza waanzie wapi huwaambia wahifadhi beti za rafiki zao kabla ya kuandika zao.

Kiokote
Mimi nashauri kinyume chake. Usimsomee rafiki yeyote shairi ambalo halijakamilika, kwani akilisifu utaliacha hapo, na akilikosoa utalikatia tamaa. Mwalimu aone kwanza.

BintiPangani
Kaka Kiokote, inategemea rafiki. Tafuta yule ambaye akikukosoa hulali mpaka umerekebisha, kisha umshike na usimwachie aende kuolewa mkoa mwingine.

Mama Zawadi
Mwanangu yuko kidato cha pili na anatunga kila siku, lakini shuleni kwao hakuna anayemsikiliza. Nimtafutie mwalimu wa kumlipa?

Mzee wa Ujiji
Mama, kabla ya kulipa, mtafutie wenzake wawili wanaotunga, na nyumba ambayo wanaweza kupaza sauti bila kufukuzwa. Wakishakuwa watatu, mwalimu hatakosekana, na nikiwa hai nami nipo.

Kalamu Kavu
Naungana na Mzee katika hili, moja kwa moja. Ila akiandika yasiyo na vina, msomeni vilevile.

Mwanagenzi
Dada BintiPangani, mikono ilipona, ingawa vidole viwili havikunjiki vizuri. Leo ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, ana kikundi chake cha wanafunzi watunzi, na hawana daftari la pamoja. Kila shairi wanaliandika nakala mbili, moja inakaa na mtunzi na nyingine inakwenda nyumbani na yule aliyelighani. Mashairi huru yanahifadhiwa kwa kichwa na watu wawili badala ya mmoja, na kila Ijumaa huwauliza.

Mama Zawadi, kama mko Tanga, niandikie faraghani nikuunganishe naye.