Tupeane uzoefu: chupa za kutilia achari mwazipata wapi?

Binti Kuze: Assalaam aleikum wenzangu. Jana nilipita Kongowea nikakuta embe changa za ngowe zimemwagwa chini mafungu kwa mafungu, nikanunua ndoo mbili papo hapo, na nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba sina hata chupa moja ya kuzitilia. Marehemu nyanya yangu hakupata kukosa chupa. Alizipanga juani kwenye ukingo wa dari, zimefungwa vitambaa vyeupe midomoni, ndimu zikigeuka kutoka kijani hadi kahawia siku baada ya siku, na sisi watoto tulikatazwa kabisa kuzigusa kwa mkono wenye maji. Leo nimeulizia chupa mpya dukani nikaona bei ya chupa yapita bei ya achari yenyewe. Nyinyi mwazipata wapi?

Mama Wawili, Bamburi: Waaleikum salaam. Chupa za kahawa ya unga, dada, na usitafute nyingine. Mdomo wake ni mpana, kijiko chaingia mpaka chini, na kifuniko chake ni cha plastiki, kwa hivyo chumvi na siki haviwezi kukila kama vinavyokula bati. Mimi nimewaomba majirani wa ploti yetu wasitupe hata moja.

Muuza Mboga wa Likoni: Naunga mkono. Kahawa.

Hamali wa Makupa: Mimi nanunua kwa wale wanaokusanya chupa kwa mkokoteni, kabla hazijafika kwa wenye skrepu. Kila moja naizungusha mdomo kwa ncha ya kidole polepole, kwa sababu ufa mdogo jicho halituambii lakini kidole hukwama. Iliyomeguka hata kidogo naiacha, kwani haitafunga vizuri, na kipande chake chaweza kuingia chakulani. Nikifika nyumbani nazichemsha, basi.

Fundi wa Changamwe: Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Chupa ya mkokoteni hujui ilitiwa nini. Mwaka juzi mke wangu alipika jemu ya mapera, sufuria nzima, akaitia kwenye chupa kumi tulizozinunua hivyo hivyo, na baada ya wiki moja tulipofungua ya kwanza ilinuka mafuta ya taa. Tulimwaga zote. Kioo kilikuwa safi kabisa. Harufu ilikuwa imejificha kwenye ule mpira mwembamba ulio ndani ya kifuniko.

Hamali wa Makupa: Nimesema nazichemsha.

Fundi wa Changamwe: Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu. Kama chupa ilikuwa na dawa ya kuulia mende au ya shambani, hata uichemshe kutwa nzima haifai kwa chakula. Nunua chupa ambayo lebo yake ya chakula ingalipo, uibandue mwenyewe.

Hamali wa Makupa: Hilo la lebo nalikubali, nawe ungelisema tangu mwanzo.

Bi Mkubwa, Kibokoni: Wanangu, mnagombania harufu, nami maneno haya yamenirudisha usiku ambao sitausahau. Nilikuwa na oda ya chupa arobaini za chatne ya ukwaju kwa ajili ya harusi, na chupa zote nilikuwa nimezipata kwa mtu anayefanya kazi hotelini, safi, za jemu, vifuniko vikiwa salama. Nilizichemsha alasiri, nikazipanga chini sakafuni ambako nilikuwa nimetoka kupiga deki, zikapoa. Saa nne usiku chatne ikawa tayari, ingali yatokota, nikaanza kumimina. Ya kwanza ikanyamaza, ya pili ikanyamaza. Nilipoinua ya tatu, kitako chake kilibaki sakafuni kizima, mviringo kamili kama sarafu, na chatne yote ikanimwagikia mguuni. Ukwaju una sukari, hushika ngozi kama gundi. Nikapiga kelele, mwanangu akaja mbio, akateleza juu ya ile chatne, akaangukia vioo, akashonwa nyuzi sita mkononi. Harusi ilipelekewa chupa kumi na mbili tu. Kosa halikuwa la chupa. Kioo baridi juu ya sakafu yenye maji hakistahimili kitu kinachotokota.

Binti Kuze: Pole sana, shangazi yangu. Nimesoma huku nimeshika mdomo. Mguu ulipona?

Muuza Mboga wa Likoni: Pole, Bi Mkubwa. Ungepaka dawa ya meno papo hapo.

Mama Wawili, Bamburi: Tafadhali usimwambie mtu hivyo! Mtu akiungua awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na asipakwe chochote.

Bi Mkubwa, Kibokoni: Ulipona, Alhamdulillahi, alama imebaki. Sasa naanza na chupa ndani ya maji baridi, napasha moto pamoja nayo, naiacha ichemke dakika kumi, naitoa ingali na moto, naisimamisha juu ya kitambaa kikavu au ubao, ndipo namimina.

Mzaliwa wa Tudor, sasa Nairobi: Niongeze jambo. Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100 kwa kuwa mko usawa wa bahari, ila huku juu huchemka kwenye takriban 94, kwa hivyo mimi huongeza muda. Kuhusu vifuniko vya bati, mama yangu alikuwa akitandika kipande cha nailoni kati ya kifuniko na achari, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017 anatumia karatasi ya kuokea keki.

Fundi wa Changamwe: Karatasi hulowa. Afadhali kununua vifuniko vipya.

Mzaliwa wa Tudor, sasa Nairobi: Anaibadilisha kila mwezi, na achari yake haijapata kuingia kutu.

Binti Kuze: Nimewasikia nyote. Embe zimekwisha katwa na kutiwa chumvi, zinakaa juani siku tatu, kwa hivyo nina mpaka Jumamosi. Kuna aliye na chupa za kahawa za ziada upande wa kisiwani?

Mama Wawili, Bamburi: Ninazo kumi na moja, lakini nne hazina vifuniko. Aliye na vifuniko vya kahawa vilivyobaki bila chupa aniandikie, tuvijaribu kabla ya Jumamosi.