Ati "kwani hayo hayapo mtandaoni?" Yule mtunza nyaraka wa makumbusho leo kanivunjia heshima

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira.

Simtaji, mnamjua. Yule wa chumba cha kusomea, anayeongea na watafiti huku macho yako dirishani. Aliyewahi kukanyaga pale hana haja ya jina.

Safari hii niliipanga kama posa. Katalogi nimeipekua mpaka macho yakawa mekundu, nimenakili namba za maboksi na mafaili, barua ya utambulisho ina muhuri unaosomeka hata ukiwa mwezini. Nikatuma barua pepe mapema, nikajibiwa miadi imethibitishwa, karibu. Nilichotaka ni barua za mkusanyaji mmoja wa zamani. Katalogi inasema "kinyago, mti" basi, na mimi natafuta kilichukuliwa kwa nani na kwa njia gani. Jibu la hilo haliko kwenye kabati la vioo, liko kwenye barua na kwenye daftari la mapokezi, lile la kuandikia kila kitu kinachoingia makumbusho.

Nikafika. Begi nimeliacha nje, kalamu ya wino nimeiacha, nina penseli na karatasi tupu kama kanuni zinavyotaka. Namkabidhi orodha, hata hajaimaliza: "Kwani hayo hayapo mtandaoni?"

Mtunza nyaraka! Ndiye anayeniuliza hivyo!

Kumbe boksi liko ghala la nje na hakuna aliyeliagiza. Hilo ningelimeza, maghala ya nje yapo kila mahali. Lakini "hayapo mtandaoni"? Kilichopigwa skana ni kiduchu, na yale maneno ya penseli nyuma ya picha mara nyingi hayaingii kwenye skana. Tena kasema kwa sauti, chumba kizima kikainua vichwa. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye ramani alishusha lenzi kabisa, ananitazama. "Kwani hayo hayapo mtandaoni?" Nitazikwa nayo hiyo.

Penseli_Butu: Huyo huyo! Mimi aliniambia "pita wiki ijayo" bila hata kuuliza natokea wapi.

MzeeWaMafaili: Mleta uzi, ulithibitishiwa miadi au boksi? Miadi ni kiti na meza. Boksi lina fomu yake. Posa gani hiyo, umefika ukweni na bibi harusi hana habari 😂

Mleta uzi: Mzee, namba za maboksi zilikuwemo kwenye barua pepe ile ile! Na hata kama ni fomu, ndiyo aniulize kama hayapo mtandaoni?

Mtafiti_Mchovu: Povu lote hili kwa swali moja? Kunywa maji mkuu.

Negativu: Afadhali wewe. Negativu zangu, zile filamu za picha, zilitolewa chumba cha baridi, nikaambiwa zikae kwanza zizoee joto zisishike unyevu. Kitaalamu wako sahihi kabisa. Ila si mngeniambia kabla sijasafiri? Nimekodolea boksi lililofungwa mpaka muda wa kufunga.

Kopi_Moja: Nyie mnalia na maboksi. Mimi nilipiga picha faili zima bila flashi, kwa ruhusa, halafu ndiyo naambiwa kuchapisha ni kibali kingine, hakimiliki iko kwa warithi wa mwandishi.

Penseli_Butu: Na zile glovu za pamba je? Nimelazimishwa kuzivaa kwa barua za karatasi.

MzeeWaMafaili: Glovu ni za picha na negativu. Karatasi inataka mikono misafi, mikavu. Ukivaa pamba vidole havisikii kitu, unachana kona ya ukurasa.

Penseli_Butu: Yaani unabishana na bango la ukutani?

MzeeWaMafaili: Bango limekosea.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada jamani.

Negativu: Subiri kidogo. Na vitu vya chuma?

MzeeWaMafaili: Chuma vaa. Jasho lina chumvi, linaleta kutu. Ila si za pamba.

Penseli_Butu: Bango halijasema hivyo. Kesho nalipiga picha naliweka hapa.