Aliyenyimwa hifadhi arudishwe kwao kabla rufaa yake haijasikilizwa?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Mtu anaomba hifadhi ya ukimbizi, afisa anamhoji, ombi linakataliwa. Zipo serikali zinazotaka apandishwe ndege hapo hapo, rufaa aifuatilie akiwa huko huko alikokimbia. Napinga, na wala si kwa huruma. Tatizo ni faili.

Nimekalia kiti cha mkalimani kwenye mahojiano haya. Mama mmoja alisema, "Ndugu yangu aliuawa saa mbili usiku." Mkalimani aliyenitangulia akamfanya marehemu kuwa kaka wa tumbo moja, na ile saa mbili akaihesabu kuanzia usiku wa manane. Alipohojiwa tena, mama akaeleza kwamba marehemu ni mtoto wa mama yake mdogo, na kwamba walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kula. Barua ya kumkatalia ikaja: amebadili uhusiano, amebadili saa, haaminiki. Sisi tunaoongea Kiswahili tutacheka, ila afisa hakuwa na roho mbaya. Alisoma kilichoandikwa.

Kosa la namna hii huonekana pale mtu wa pili anapolisoma faili huku mhusika yuko mbele yake, amuulize. Uingereza, kwa miaka kadhaa ya karibuni, karibu nusu ya rufaa za hifadhi zilizoamuliwa zilimpa ushindi mwombaji. Sasa Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Akishakamatwa uwanja wa ndege wa kwao, hukumu ya ushindi mtampelekea wapi?

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, umetuletea mama mwenye haki yake. Mlete na yule aliyekata rufaa, akashindwa, halafu siku mbili kabla ya safari akafungua ombi jipya ambalo ni lile lile. Ujerumani wana karatasi inaitwa Duldung, yaani mtu anavumiliwa tu: kibali hana, kuondolewa haondolewi. Wapo walioishi nayo miaka, inaongezwa muda kila ikikaribia kuisha. Hiyo ni hifadhi, au ni serikali kushindwa kuamua? Halafu Kifungu hicho cha 33, sehemu ya pili, kinamwondolea kinga aliye hatari kwa usalama wa nchi. Hiyo umeiruka.

Mleta mada:
Sijairuka. Mwaka 1996, kwenye kesi ya Chahal dhidi ya Uingereza, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema hata anayedaiwa kuwa tishio kwa taifa hapelekwi kwenye mateso. Mkataba dhidi ya Utesaji wa 1984 nao hautoi mwanya hapo.

Kuhusu ombi la pili lisilo na jipya nakuunga mkono, lichujwe upesi. Na aliyesikilizwa kweli kweli akashindwa, aondoke. Ila haraka nayo ina wafu wake. Uturuki iliwahi kumkatalia mwanamke wa Kiirani, Jabari, aliyeogopa kupigwa mawe, eti hakujiandikisha ndani ya siku tano. Hofu yake haikuchunguzwa kabisa. Mahakama hiyo hiyo ikaikosoa Uturuki mwaka 2000. Na mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliubatilisha utaratibu wa rufaa za chapuchapu kwa walio kizuizini. Siku zilikuwa chache mno kwa wakili kujiandaa.

Mchangiaji wa tatu:
Nyote mnapima siku. Mimi nauliza msomaji wa pili ni nani. Marekani, majaji wa uhamiaji ni waajiriwa wa Wizara ya Sheria, bosi wao ni Mwanasheria Mkuu wa serikali ile ile inayotaka mtu aondoke. Na mwombaji asiye na pesa kwa kawaida halipiwi wakili. Hata mkimpa mwaka mzima, atasimama peke yake.

Mchangiaji wa pili:
Hilo nalikubali, ingawa msitegemee wizara ijinyang'anye mamlaka. Mleta mada, yule mama aliishia wapi?

Mleta mada:
Siku ya rufaa alikuwepo chumbani. Jaji akanigeukia: neno "ndugu" linabeba watu gani? Nikaanza kuwataja. Nilipofika kwa muumini mwenzako, akaniambia inatosha.