Upepo wa mapigo: rubani aachiwe aamue, au ndege ndogo zizuiwe mchana?

Mleta mada: Kamwene wadau. Nilibishana na jamaa kijiweni hapa Iringa kuhusu hizi ndege za injini moja zinazopeleka watalii mbugani. Yeye anataka ukifika mchana zisiruke hadi upepo wa mapigo, ule unaovuma ghafla na kukatika ghafla, utulie. Mimi nikasema rubani ndiye mwenye ndege, aachiwe. Tangu siku ile jibu langu linanikera mwenyewe.

Agosti nilikuwa kwenye kiwanja kimoja cha udongo nikisubiri mgeni. Saa tatu asubuhi ule mfuko wa upepo, wa kitambaa juu ya mlingoti unaoonyesha upepo unakokwenda, umelala kama soksi iliyoloa. Saa nane mchana unanyooka kama fimbo, unaanguka, unanyooka tena umeangalia kwingine, na vumbi linakatiza njia ya ndege kwa ubavu. Ndege ikiwa inakimbia, pigo la mbele linaweza kuiinua kabla haijafikia mwendo wake. Pigo likikata, mbawa hazina cha kushika. Inarudi chini mshazari, tairi moja linapokea uzito wote, hao majanini.

Mchangiaji aliyewahi kusomea urubani: Mkuu, kuzuia kwa saa hakuna maana, kuna siku saa nane kumetulia tuli. Angalia pembe. Upepo wa noti 20, kama kilomita 37 kwa saa, ukija kwa nyuzi 30 kutoka mbele, ubavuni zinafika noti 10 tu. Ukija kwa nyuzi 90, zote 20 ni za ubavu. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ilijaribiwa ubavuni kwa noti 15, na kitabu cha ndege hakisemi ya 16 inaua. Rubani anageuzia usukani upepo unakotoka, anaibana ndege chini kwa muda zaidi kidogo kuliko kawaida, akiinua anainua mara moja. Ni kazi ya mazoezi.

Mdau wa Mbeya: Kaka, mazoezi ya wapi? Nduli, kiwanja cha ndege cha Iringa, iko zaidi ya meta 1,400 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kama ya meta 2,100 hivi. Injini inachoka, ndege inakimbia mbali zaidi, na muda wote huo si ya ardhini wala ya angani, pigo linaichezea. Songwe, kiwanja chetu cha Mbeya, angalau lami inazidi kilomita tatu, ukiona mambo hayaendi unakata moto unasimama. Kiwanja cha mbugani unasimamia wapi, kwenye mibuyu?

Abiria: Nyote mnamsahau anayelipa nauli. Tulikuwa watatu, rubani kijana mdogo, akatazama ule mfuko kama dakika tano, akazima injini. Mzee mmoja anawahi kikao Dar akafoka: "Wewe mtoto unaogopa upepo?" Kijana akasema, "Ndiyo mzee, naogopa," akaenda kukaa kwenye kivuli cha bawa. Tuliondoka kesho yake alfajiri. Jioni nzima alisemwa, na mwajiri wake akampigia simu mara mbili. Angekuwa na karatasi ya kiwanja yenye namba ya mwisho wa upepo unaoruhusiwa, angeionyesha tu.

Mleta mada: Hapo umenimaliza. Natoka kwenye "aachiwe", ila kwenye saa siendi. Iwekwe namba kwa kila kiwanja na kila aina ya ndege, ihesabiwe kwa pigo kubwa la ubavuni, wastani tuuache. Ikivukwa, si rubani wala bosi mwenye ruhusa ya kurusha ndege. Kinachobaki: kwenye kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege, chenye mfuko tu na mlinzi wa kufukuza ng'ombe, nani ataisoma hiyo namba? Mnaofanya kazi huko njooni.